Mkate Kwenye Wavu wa Kambare

Mwalimu wetu wa lishe alituambia twende nyumbani tukatafute mgonjwa.

Hakusema hivyo hasa. Alisema kila mtu amtayarishie "mtu anayepata nafuu" slesi mbili za tosti kavu, isiyo na siagi wala mafuta, halafu Alhamisi asimame mbele ya darasa aeleze alifanyaje na mgonjwa alisema nini. Na picha. Siku hizi shuleni huwezi hata kumwagilia mchicha bila picha. Sisi wa gredi ya tisa tukatazamana. Garsen ina jua la kutosha kuivisha mkate juu ya bati, lakini tosti? Kwetu mkate ukiungua ni ajali, na aliyeuunguza huomba radhi.

"Mwalimu," akasema kijana ninayekaa naye dawati moja, "na kama nyumbani wote ni wazima?"

"Tumia akili."

"Sawa. Nitamwomba babu augue dakika kumi."

Darasa likaangua kicheko. Sasa, maneno kama hayo ni yangu. Ndiyo kazi yangu mle ndani: mwalimu anatega, mimi nafyatua. Siku hiyo niliacha mtego ulale, mpaka jirani yangu akanipiga kiwiko.

"Vipi, umemeza chaki?"

Nikafunga daftari. Mimi sikuwa na haja ya kumwomba mtu augue. Mgonjwa nilikuwa naye nyumbani, wa kweli, na alikuwa mama yangu.

Mama hukausha kambare. Anawanunua kwa wavuvi wa mtoni wakiwa bado wanapiga mikia, anawapasua, anawakunja mkia uingie mdomoni kama mtoto anyonyaye kidole, kisha anawapanga juu ya wavu wa chuma. Wavu umelala juu ya pipa lililokatwa nusu. Chini ni moto wa mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kila mahali huku na hauna faida nyingine ninayoijua, na juu ni gunia. Hilo ndilo banda lake la moshi, nyuma ya nyumba yetu, na ndilo lililonisomesha mpaka hapa nilipofika, yaani mpaka kwenye tosti.

Alishikwa na homa ya matumbo. Akalazwa hospitali ya Ngao wiki mbili, na Jumamosi wakamruhusu. Mwanamke aliyeondoka nyumbani alikuwa wa kubeba karai la samaki kichwani huku akigombana na mtu upande wa kushoto na kumsalimia mwingine upande wa kulia. Aliyerudi alikuwa amefungwa leso iliyomzunguka mara mbili na bado ikabaki. Pikipiki iliposimama mlangoni hakuweza kushuka, basi nikambeba mwenyewe mpaka kitandani. Sikuchoka. Kila nikikumbuka ile siku, kinachonitisha ni hicho: kwamba sikuchoka.

Daktari alikuwa ametuambia waziwazi. Homa imekwisha, sasa kilichobaki ni chakula tu. Aanze na vitu vikavu, kidogo kidogo, mkate uliochomwa na chai ya rangi. Tukiona mpaka Ijumaa tumbo lake halijashika chakula, tumrudishe alazwe tena. Mama alisikia neno "alazwe" akageuza uso ukutani, na tangu hapo akawa anausoma ule ukuta kama gazeti.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuja kutoka kijiji cha Hewani kutusaidia. Alikuja na mkungu wa ndizi na maoni mengi. Baba yuko Hola kazini na hupiga simu kila jioni kuuliza, "Amekula?" Shangazi humjibu, "Anaendelea," jibu ambalo hata mimi hulitumia nikiulizwa kuhusu hesabu.

Kusema kweli, mama hakuwa akila. Alikuwa akidanganya. Shangazi anampelekea uji, anarudi baada ya muda, kikombe kitupu.

"Wifi, umekunywa wote?"

"Wote."

Shangazi anatoka akiimba. Mimi ndiye niliyegundua. Jumapili alasiri nilipita chini ya dirisha la mama nikamkuta jogoo wetu ana uji kichwani. Si mdomoni, kichwani, kama mtu aliyemwagiwa. Kuku wote wa mtaa walikuwa wamejipanga pale chini wakitazama juu, na walikuwa wameshiba. Nilicheka peke yangu mpaka nikaegemea ukuta. Baadaye nikaacha kucheka.

Na si uji tu. Wali, ndizi za nazi, viazi, kila kitu kilimnukia vibaya. Kibaya kuliko vyote kilikuwa samaki. Alitoa amri kwamba asipikwe samaki katika uwanja wetu, na jirani akichoma samaki wake dirisha lilifungwa. Mwanamke aliyelea watoto kwa kambare sasa akisikia jina la kambare anaitisha ndoo.

Kwa hiyo Jumatatu, baada ya shule, nilikwenda dukani na kazi mbili katika mkate mmoja: ya mwalimu na ya daktari.

Mwenye duka letu ni Msomali, mzee wa ndevu nyekundu, ambaye mtaa mzima humwita Abti, yaani mjomba, hata wale wanaomkopa na kukimbia.

"Abti, nipe mkate."

"Mkubwa, mdogo?"

"Wa mgonjwa."

Akaweka mkono juu ya mkate asinipe. "Mgonjwa hapana pewa mkate. Mgonjwa pewa maziwa ya ngamia."

"Daktari amesema mkate. Na uchomwe."

"Uchomwe?" Akaugeuza ule mkate akautazama chini na juu. Mkate wetu huja na basi kutoka Malindi, na siku zote hufika umelaliwa na mzigo wa mtu, upande mmoja mnene na upande mmoja mwembamba, kama kiatu. "Hii imechomwa tayari, huko Malindi. Sasa nyinyi nataka choma mara ya pili. Imefanya kosa gani?"

Nikaweka pesa mezani. Mpaka leo najiuliza.

Tosti ya kwanza niliichomea kwenye kikaango cha chapati, kwa sababu ndicho chombo bapa tulicho nacho. Niliosha, naapa niliosha. Lakini kikaango kile kimekunywa mafuta ya miaka, na kilipopata moto kikayatapika yote kwenye mkate. Slesi ikatoka inang'aa.

Shangazi akaiinua kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

"Tosti."

"Hii ni chapati iliyokata tamaa. Msichana mzima, umri huu, hujui kuchoma mkate!"

"Na wewe unajua?"

"Mimi sikusoma lishe."

Mama alipoiona alipunga mkono mara moja, ule mpungo wa kumfukuza nzi, akarudi kwenye ukuta wake.

Jumanne nikabadili mbinu. Tuna uma mmoja nyumbani, wa wageni. Nikauchomeka kwenye mkate, nikaushika juu ya jiko la makaa kama mtu anayevua samaki motoni. Mkate wa kwanza ukaanguka. Wa pili ukashika moto, nikaupuliza, ukashika zaidi. Wa tatu ulikuwa mweusi nje na ndani unanata kama gundi. Nikaukwangua kwa kisu mpaka ukawa kahawia, nikaupanga kwenye sahani, nikapeleka na chai.

Mama akanitazama, akatazama sahani. Nadhani aliona masizi puani mwangu. Akajiinua kwa kiwiko, akauma pembe, akatafuna, akameza. Nikaanza kutabasamu. Kisha akanyoosha mkono kutafuta ndoo.

Alipomaliza alifuta mdomo akasema, "Samahani, mama." Mama huniita "mama" akiwa na furaha nami, jambo ambalo si la kila wiki. Lakini samahani? Mama yangu hakuwahi kumwomba mtu samahani tangu nimjue. Amewahi kumuuzia mtu samaki, mtu akarudi analalamika, na ikawa huyo mtu ndiye aliyeomba radhi.

Nikatoka nje. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni kuhusu tosti yangu na mkaa, nikamwambia jogoo. Jogoo hakucheka. Nikakaa pale kwenye jiwe la kufulia mpaka shangazi akaniita nikachote maji.

Siku tatu zilikuwa zimebaki.

Jumatano nilirudi kutoka shule na wazo, na kama mawazo yangu mengi lilikuwa na akili upande mmoja tu. Tosti inataka wavu. Kwenye kitabu cha lishe kuna picha ya tosti imelala juu ya nyaya, moto chini. Na sisi wavu tunao, tena wa kutosha mikate ishirini. Ulikuwa umelala bandani wiki tatu bila kazi.

Hapa lazima nieleze jambo la wavu wa mama. Wavu ule hauoshwi kwa sabuni. Ni mwiko wa kazi yake na wa wenzake wote wanaokausha samaki. Sabuni ikiingia kwenye chuma inaingia kwenye samaki, na mteja akila, anasema mama, atatoa povu kama anayefuliwa. Wavu husuguliwa kwa mchanga na majivu, halafu moto humalizia. Nami nilijua moto humalizia. Ule mchanga na majivu nikauruka, maana nilikuwa na haraka. Kwa hiyo niliweka slesi nne safi, nyeupe, juu ya mafuta ya kambare wa miaka sita.

Nikawasha kuni za mathenge. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha wavu ukapata joto, mafuta yakaamka, yakaanza kudondoka motoni, tss, tss, na moshi ukapanda. Haukuwa moshi wa mkate. Ulikuwa moshi wa soko zima la samaki siku ya Jumamosi, na ukaenda moja kwa moja, kama umeitwa, hadi dirisha la mama.

Shangazi akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Umeleta nini? Nani amechoma samaki? Unataka kumuua wifi yangu?"

"Ni mkate!"

"Mkate gani una mkia?"

Nikashika gunia nikajaribu kuufukuza moshi. Ukafukuzika, ndiyo, lakini ukafukuzikia kulekule dirishani. Tukasimama wawili tukisubiri sauti ya ndoo.

Tukasikia sauti nyingine.

"Nani ameshika wavu wangu?"

Ilikuwa sauti ya mama. Lakini si ile ya samahani. Ilikuwa ile nyingine, ya sokoni, iliyokuwa haijasikika nyumbani kwa wiki tatu. Ilikuwa imekwaruza kidogo, kama redio iliyokaa bila betri.

Shangazi akanitazama. Mimi nikamtazama jogoo.

"Nimeuliza!"

"Ni mimi, mama."

"Unakausha nini?"

"Mkate."

"Nimesema unakausha nini?"

"Mkate. Wa shule. Wa daktari. Wako."

Kitanda kikalia.

"Lete hapa."

Nikapeleka slesi moja kwenye sahani, nimejiandaa kukimbia. Mama alikuwa ameketi. Ameketi mwenyewe, mgongo kwenye ukuta aliokuwa akiusoma. Akaichukua slesi kama anavyomchukua kambare aliyekaushwa na mtu mwingine. Akaigeuza. Akaiminya katikati kwa dole gumba. Akaigonga kwa ukucha karibu na sikio lake, akasikiliza. Kambare mkavu hulia ko, ko. Slesi yangu haikulia chochote.

"Ngozi imeungua, nyama mbichi," akasema.

"Mkate hauna nyama, mama."

"Huu unayo. Ungempelekea mteja kitu hiki?"

"Mteja wangu ni wewe."

"Basi mteja amekataa." Akaniwekea slesi mkononi. "Moto gani huo umewasha? Nausikia mpaka hapa unavyolia. Moto wa kukaushia haulii. Toa kuni, bakisha makaa. Yakishavaa majivu, ndipo upange. Halafu funika gunia."

"Gunia juu ya mkate?"

"Ulitaka uufunike nini, neti?"

Shangazi alikuwa amejibanza mlangoni, mwiko ungali mkononi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, hiyo harufu haikusumbui?"

"Inanisumbua sana," akasema mama. "Ni harufu ya watu wasiojua kazi."

Nikatoka mbio. Nikavuta kuni, nikatandaza makaa, nikasubiri yavae majivu. Kusubiri si kipaji changu, lakini kila nilipoinua mkono kupanga mkate sauti ilitoka dirishani: "Bado!" Sijui alionaje. Nikapanga, nikafunika. Nikainua gunia kidogo nichungulie.

"Acha gunia!"

"Utajuaje ukiwa ndani?"

"Nina pua!"

Slesi ya pili ilirudishwa. Nilikuwa nimeigeuza mara nyingi, na mama akasema mkate umegeuzwageuzwa kama mtu aliyekosa usingizi. Kitu cha kukausha hugeuzwa mara moja tu, kikiwa tayari kugeuka. Ya tatu ilitoka na rangi ya mchanga wa mtoni, ule unaobaki maji yakishapungua. Nyembamba upande mmoja, nene upande mwingine, kwa sababu ya lile basi la Malindi, lakini kavu kote. Mama akaigonga.

Ko.

Akaiinamia, akainusa. Kisha akavunja pembe akaiweka mdomoni. Mimi na shangazi tukasogea karibu.

"Msinitazame," akasema huku akitafuna. "Sili. Naonja."

Hii nayo ni desturi ya kazi yake. Kila mtungo wa kambare ukitoka kwenye wavu, mama huvunja ncha ya mkia mmoja akaonja, na kuonja hakuhesabiwi kuwa ni kula. Amewahi kuonja samaki nusu nzima sokoni, halafu akarudi nyumbani akasema hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Na hakuwa akisema uongo, kwa sheria zake.

Akaonja pembe ya pili. "Moshi umeingia zaidi upande huu." Akaonja ya tatu kuhakikisha. Akanywa chai mafunda mawili. Ndoo ilikuwa pale karibu na mguu wa kitanda, nasi tukaitazama kama watu wanaosubiri gari. Haikuitwa. Shangazi akafungua mdomo amshukuru Mungu kwa sauti, nikamkanyaga mguu. Mama akijua kwamba amekula, ataacha.

Alhamisi darasani, picha zilikuwa nyingi kuliko tosti. Jirani yangu wa dawati alileta picha ya babu yake amelala chini ya neti, ameinua dole gumba, anacheka meno yote manne. Mgonjwa alisema nini? "Alisema siagi iko wapi." Msichana mmoja alionyesha slesi mbili nzuri ajabu kwenye sahani ya kioo, na nyuma yake dirisha, na nje ya dirisha theluji.

"Theluji hii imeanguka lini Garsen?" mwalimu akauliza.

"Jana jioni, mwalimu. Kidogo tu."

Nilimwonea wivu kwa jibu lile. Kisha ikafika zamu yangu, nami sikuwa na picha. Simu ya shangazi ilikuwepo. Lakini nilipoielekeza kwa mama siku ile niliona mikono yake kwenye kioo, jinsi mifupa ilivyojitokeza, nikaizima. Sikutaka mikono ile ikae kwenye simu ya mtu.

"Simu ilikosa chaji," nikasema.

"Haya. Mgonjwa alisema nini?"

"Alisema ngozi imeungua, nyama mbichi, na mteja amekataa."

Darasa likacheka sana. Ilikuwa zamu yangu ya kufyatua na nilikuwa nimefyatua vizuri.

"Halafu?" mwalimu akauliza.

"Halafu akaonja."

Sijui neno lile lilitokaje. Wenzangu waliendelea kucheka lakini mwalimu aliinua macho kutoka kwenye daftari, akanitazama kidogo, akaandika. Baadaye nilichungulia alama yangu: *anakaribia kufikia matarajio*. Ni kwa sababu ya picha. Nikaona ni sawa, maana hata nyumbani ndipo tulipokuwa.

Kuonja pembe tatu si kula, na Ijumaa ilikuwa kesho yake. Njiani kurudi nyumbani nikapanga ujanja. Mama hali, lakini makosa ya watu hawezi kuyapita. Basi nitamletea makosa.

Slesi ya kwanza niliichomea kwenye mwali wa moto makusudi. Akauma, akakunja uso, "Umerudia mambo ya jana," akauma tena kunionyesha ni wapi palipoungua. Ya pili niliigeuza mara saba. Akauma pande mbili kulinganisha. Ya tatu sikuifunika gunia. "Hii imepigwa na upepo," akasema, akala nusu akieleza upepo hufanya nini kwenye kitu kinachokaushwa. Shangazi alikuwa anapitapita mlangoni na ufagio, anafagia mahali palipofagiliwa. Mimi nilikuwa najihesabu mshindi.

Nilipogeuka kwenda kuharibu ya nne, mama akasema, "Kaa hapa."

Nikakaa pembeni ya kitanda.

"Jana ile ya mwisho uliikausha sawasawa. Mkono ukishajua kazi hausahau. Leo umekosea mara tatu, kila mara kosa tofauti."

"Ule moto, mama..."

"Usinisingizie moto. Unanilisha."

Nikatafuta mzaha. Huwa ninao mwingi, unaning'inia tu kama ndizi. Siku hiyo mkungu ulikuwa mtupu.

"Ile Jumamosi ulinibeba," akasema. "Ulidhani nimelala. Sikulala. Wewe husemi kitu bila kulalamika. Ukitumwa chumvi unalalamika, ukiamshwa unalalamika. Siku ile ulinibeba mpaka ndani hukusema hata 'mama, u mzito.' Nikajua basi nimekwisha."

"Hukuwa mzito," nikasema. Nilitaka liwe neno la mzaha lakini lilitoka limelowa.

"Ndiyo. Nami nikakasirika." Akanipangusa pua kwa pembe ya leso yake, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. "Sasa lete ile nzuri uliyoificha."

"Nzuri ipi?"

"Nina pua, wewe mtoto. Iko chini ya gunia, na imeshaiva, na unakaa hapa kulia wakati mkate unaungua!"

Nilikimbia. Ni kweli nilikuwa nimeiweka moja sawasawa, ya akiba. Akaila yote. Hakusema anaonja. Alikuwa akiuma kidogo, akipumzika, akiuma tena, macho kwenye sahani kama mtu anayefanya mtihani. Alipomaliza tukasubiri tena, mimi, yeye na ndoo. Shangazi aliacha kufagia. Baba alipopiga simu jioni akauliza swali lake, na shangazi, badala ya kusema anaendelea, akanipa simu, na mimi nikasema, "Amekula slesi moja nzima, na ndani ya tumbo imekaa." Baba akaniambia nirudie.

Asubuhi ya Ijumaa shangazi aliamka mapema kuliko wote. Slesi moja haikumtosha. Alisema daktari alitaka chakula, si mkate wa ndege. Akapakia kikapu cha hospitali: leso mbili, sabuni, kikombe, sahani ya bati na kijiko. Akampigia mwenye pikipiki. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya shule lakini hakuna aliyeniambia niende, nami sikuwakumbusha.

Mwenye pikipiki akafika, akazima injini, akaita, "Hodi, twende Ngao?"

Mama akatoka. Akatoka kwa miguu yake, polepole, mkono mmoja ukutani, mpaka kwenye benchi la uwanjani, akakaa. Nilikuwa nimemkaushia slesi mbili na zilikuwa tayari kwenye sahani kando ya chai yake. Akachovya ya kwanza akala. Akachovya ya pili akala. Sisi wawili tumesimama mbele yake, na mwenye pikipiki wa tatu, kofia yake mkononi, hajui kama amekuja kumchukua mgonjwa au kuangalia mtu akinywa chai.

Mama akakung'uta makombo kwenye leso. Kuku wakaja mbio.

"Wifi," akamwambia shangazi, "mnanipa hivi vitu siku mbili sasa. Vizuri, lakini hivi ni vya kuchezesha meno. Chakula kiko wapi?"

Shangazi akauliza, "Chakula gani?"

"Kwani zile ndizi ulizotoka nazo Hewani ulileta tuzitazame? Zipike. Na nazi. Mimi nina njaa."

Mimi na shangazi tukatazamana. Mwenye pikipiki ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Akavaa kofia yake, akasema, "Basi mama, mimi nitapita siku nyingine, ukienda sokoni," akaikanyaga pikipiki yake akaondoka.

Shangazi alitupa kisogo. Mabega yake yalikuwa yanacheza, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Kisha akainama kwenye kikapu akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: leso, leso, sabuni, kikombe, kijiko. Akatoa sahani ya bati, akaifuta kwa kanga yake ingawa ilikuwa safi, akaiweka kwenye benchi kando ya mama. Mimi nikaanza kumenya ndizi. Mama akaangalia ninavyomenya, akafungua mdomo kunikosoa, na nikamwacha aseme yote.